Siku Niliyomwacha Mzee Kanti Mlimani

Wenzangu, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake kilichotokea Isagala, na kila mmoja nimemjibu nusu. Nimeamua kukaa chini niandike yote mara moja, tangu tulipotoka Tabora hadi tuliporudi, na yaliyofuata baadaye. Habari za kukodi gari na kuomba vibali siziweki. Hizo hazikumuumiza mtu.

Kutoka Cheyo kabla jua halijatoka

Tuliondoka mtaa wa Cheyo, Tabora, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu kumi na wanne ndani ya basi dogo la Kosta. Klabu yetu ya kutembea mnaijua. Kiongozi ni Mwalimu Rehema, anayefundisha jiografia sekondari, mwanamke mwembamba asiyependa kurudia maneno. Mimi nilijiunga mwaka jana, daktari aliponiambia sukari inapanda na kwamba kukaa siku nzima nyuma ya friji za watu nikizitengeneza hakunisaidii.

Mzee Kanti alikuwa na mwezi mmoja tu kwenye klabu. Wengi wenu mmenunua sufuria dukani kwake karibu na soko. Ni Mhindi wa miaka sabini na moja, amezaliwa Tabora, na Kinyamwezi chake kinanishinda hata mimi ambaye bibi yangu alinilea nacho. Asubuhi ile alivaa kofia ya kitambaa na viatu vipya vya raba, akakaa kiti cha jirani yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Elia. Umekula?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshafungua kopo. Mkewe, Mama Hansa, alikuwa amempikia chapati nyembamba zenye majani ya uwatu, na pilipili ya kukaanga pembeni. Tulikula tukitazama miombo ikipita dirishani, majani mapya yakiwa mekundu kama kawaida ya mwezi ule kabla mvua hazijaanza.

Nilimuuliza kwa nini ameamua kupanda mlima katika umri wake.

"Baba yangu alikuwa akinunua nta na karanga vijijini huku," alisema. "Kila wiki tulipita chini ya Isagala na lori. Kila wiki namwambia, baba, tupande. Ananiambia, wiki ijayo. Alikufa tukiwa bado tunasema wiki ijayo."

Alisema bila huzuni, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni, kisha akanipa chapati nyingine.

Tulipokaribia kuacha lami, Mwalimu Rehema alisimama akashika kiti cha mbele yetu. "Elia, leo wewe unafunga nyuma. Unajua kazi yake."

"Najua."

Na nilijua. Anayefunga nyuma hampiti mtu. Wa mwisho akisimama, naye anasimama. Wa mwisho akishindwa, anarudi naye. Klabu yetu haina sheria nyingi, ila hiyo ni mojawapo.

Ofisi ya kijiji

Tulipaswa kuanza kupanda saa mbili asubuhi. Saa mbili tulikuwa kwenye mabenchi ya ofisi ya kijiji, na hatukuruhusiwa kuondoka.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa makamo, mrefu, amevaa koti juu ya shati la mikono mifupi. Barua yetu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka mfukoni. Halafu akaanza kutazama mizigo yetu. Fimbo za kutembelea zenye ncha za chuma alizishika moja moja. Kamba aliipima kwa macho. Mwisho akamtazama Mzee Kanti.

"Huyu ndiye mwenye ramani?" akamuuliza Mwalimu.

"Ramani gani, mwenyekiti?"

"Ya mali ya Mjerumani."

Ilitubidi tukae tusikilize. Miaka miwili nyuma walikuja watu na gari kama letu, wakasema wanapanda mlima kwa mazoezi. Walichimba mashimo usiku kwa usiku wakitafuta rupia walizodai zilifukiwa na Wajerumani, kisha wakaondoka bila kufukia. Ng'ombe wawili wa mjane mmoja walitumbukia, wakavunjika, wakachinjwa. Mwenyekiti alieleza taratibu, na watu waliokuwa wamekusanyika mlangoni walikuwa wakiitikia kwa kichwa. Hatukuweza kuwalaumu.

Mwalimu alieleza kwamba tunafuata njia ya zamani ya misafara. Alisema misafara iliyotoka Tabora kwenda ziwani ilikuwa ikipita ubavuni mwa Isagala ili kukwepa bonde la matope, na kwamba juu kuna jiwe lenye dimbwi ambapo wapagazi walikuwa wakinywa maji. Mwenyekiti alisikiliza, lakini uso wake haukubadilika. Saa tatu ikapita. Ikapita saa nne.

Aliyetuokoa ni Mzee Kanti. Aliinuka, akaenda kwa mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti, akachuchumaa mbele yake, akamsalimu kwa Kinyamwezi, akamwambia yeye ni mtoto wa Bwana Nta. Yule mama alimkazia macho muda mrefu. Kisha akamshika kidevu, akamgeuza uso kulia na kushoto.

"Ndiye," alisema. "Wa kwenye lori. Alikuwa analia akinyimwa karanga."

Alikuwa mama yake mwenyekiti. Watu walicheka, na mwenyekiti naye akacheka kidogo. Tuliletewa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Tulikula kwa haraka kwa sababu ya muda, ila Mzee Kanti hakuharakisha. Alikaa na yule mama wakihesabu waliokufa na waliohamia Nzega kwenye dhahabu.

Tulipoanza kutembea ilikuwa karibu saa tano, na jua lilikuwa limeshakuwa kali.

Kupanda

Isagala si mlima mrefu. Mtu wa Kilimanjaro angeuita kilima. Lakini sehemu ya chini ni changarawe inayoteleza, ya kati ni mawe makubwa na vichaka, na kivuli ni kidogo. Mwenyekiti hakutupa mtu wa kutuongoza. Alitwambia njia ni moja, tusiiache.

Mzee Kanti alianza vizuri. Alinionyesha mti wa mtundu, jamii ya miombo, uliokaliwa na nyuki, akanieleza jinsi baba yake alivyokuwa akipima nta kwa kuiuma. Baada ya nusu saa akaacha kuongea. Baada ya saa moja alikuwa anasimama kila hatua ishirini, mikono magotini. Wenzetu walishapotea juu yetu. Tulisikia sauti zao tu, na baadaye hata sauti hatukuzisikia.

Hapa ndipo sehemu ambayo sikuwaambia.

Tulifika kwenye jiwe moja pana lenye kivuli upande mmoja. Mzee Kanti akakaa. Maji yake yalikuwa yamekwisha. Mimi nilikuwa na chupa mbili, moja imejaa. Nilimpa anywe kutoka ile yenye nusu, akanywa kidogo, akanirudishia.

"Ngoja kidogo nipumue," alisema. "Twende wote."

Nikangoja, pengine dakika tano. Nilikuwa natazama juu. Niliona kofia nyekundu ya mwenzetu mmoja karibu na kilele, na nikasikia wakishangilia. Tangu nijiunge sijawahi kufika kileleni na kundi la kwanza. Mara zote nafika wakati wengine wameshapiga picha na kufunga mabegi. Nilijisikia kama mtoto aliyefungiwa ndani wenzake wakicheza nje. Sina maelezo bora kuliko hayo.

"Mzee," nikamwambia, "kaa hapa hapa. Mimi nakimbia mara moja juu, nawaambia wakusubiri, halafu nashuka nakuchukua. Robo saa."

Alinitazama. "Robo saa?"

"Haizidi."

"Haya. Nitakuwa hapa."

Nikaondoka. Chupa iliyojaa nikaondoka nayo.

Kileleni

Kupanda tu kulinichukua zaidi ya nusu saa. Nilipofika, wenzangu walikuwa wamekaa kuzunguka lile jiwe lenye dimbwi. Dimbwi lilikuwa kavu, lina vumbi na majani. Kutoka pale unaona nchi yote: mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, lambo dogo la maji linalometa, moshi wa watu wanaochoma mabua, na mbali kabisa mabati ya Nzega.

Mwalimu Rehema alikuwa akihesabu. Aliponiona akatazama nyuma yangu.

"Mzee yuko wapi?"

Ningesema ukweli pale, tungeshuka wote mara moja. Badala yake nikasema, "Yuko hapo chini kidogo, anapumzika. Amesema niende tu, yeye atakuja taratibu."

"Amesema mwenyewe?"

"Amesema mwenyewe."

Mwalimu alikunja uso, lakini aliniamini. Hakuwa na sababu ya kutoniamini. Nilikaa, nikala mihogo, nikapiga picha nne. Nilijiambia dakika mbili, kisha nyingine mbili. Tulipoanza kushuka, tangu nimwache Mzee Kanti ilikuwa imepita saa moja na nusu.

Kwenye jiwe hapakuwa na mtu. Kofia yake ya kitambaa ilikuwa pale, imewekwa vizuri juu ya jiwe na kubanwa na kijiwe kidogo, ili tujue alikuwepo.

Kutafuta

Tulimwita. Isagala ina mwangwi, kila jina ulilotupa linarudi, na kila linaporudi moyo unashtuka ukidhani ndiye. Mwalimu aligawa watu wawili wawili na kukataza mtu yeyote kwenda peke yake. Kwa dakika arobaini hatukupata kitu.

Mwalimu aliwatuma wenzetu wawili kijijini. Sikutegemea kama wangekuja, kwa jinsi tulivyopokelewa asubuhi. Walikuja zaidi ya ishirini, mwenyekiti mbele, koti ameliacha. Hakutuuliza swali hata moja zaidi ya kwamba mzee ana nguo ya rangi gani.

Aliyempata hakutoka kwetu wala kwao. Ni mrina asali anayeitwa Maganga, aliyekuwa upande wa pili wa mlima akikagua mizinga yake. Baadaye alituambia alisikia mzee akiita kwa Kinyamwezi, "Baba, nipo huku, njoo," akadhani ni mmoja wa wazee wa vijiji vya jirani. Alipochungulia korongoni na kumwona Mhindi, alifikiri kwanza jua limemchezea macho.

Maganga alipiga mluzi hadi tukamsikia. Ilikuwa saa kumi.

Mzee Kanti alikuwa amelala ubavu kati ya mawe, mguu wa kushoto umegeuka vibaya kuanzia kwenye nyonga, midomo imepasuka. Alikuwa amengoja, kisha akaona robo saa imepita mara nyingi, akafikiri labda mimi ndiye niliyepatwa na jambo. Alikuwa amekuja kunitafuta. Alifuata kijia cha warina asali akidhani ndicho nilichopita, akateleza, akaangukia korongoni.

Aliponiona alisema, "Elia, uko salama?"

Nilimpa maji. Mwalimu alinipokonya chupa kwa sababu nilikuwa nayamwaga.

Kumshusha

Wanakijiji walikata miti miwili mirefu, Maganga akabandua magome ya miombo na kusokota kamba palepale, tukafunga vitenge vitatu vya akina mama wa klabu katikati. Mzee alipoinuliwa kuwekwa juu ya machela hiyo alipiga ukelele mmoja, kisha akauma ncha ya kitenge hadi chini.

Tulibeba wanane wanane, tukipokezana. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa akitoa amri ya kubadilisha bega. Kwenye changarawe tulishuka kwa makalio, machela imewekwa mapajani, mtu wa mbele akikanyaga na wa nyuma akizuia. Kila zamu ilipofika niliingia, na zamu yangu ilipokwisha sikutoka, mpaka mwenyekiti akanishika mkono.

"Toka, kijana. Ukichoka utamwangusha."

Ni kweli. Nikatoka.

Mama wa mwenyekiti alikuwa amesimama chini ya mlima, jua likiwa linazama. Alimfuta Mzee Kanti vumbi usoni kwa ncha ya khanga yake, akamwambia maneno ambayo sikuyasikia. Kosta ikatupeleka Nzega hospitali, polepole, Mwalimu akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya gari na kuushikilia ule mguu njia nzima.

Chemchem

Nyonga ilikuwa imevunjika. Alipasuliwa, akakaa hospitali wiki mbili, kisha akarudishwa nyumbani kwake mtaa wa Chemchem, Tabora. Wakati huo wote niliulizwa na Mwalimu, na Bharat, mwana wa Mzee Kanti, na Mama Hansa, na ninyi. Kila mmoja nilimjibu lile lile: mzee aliniambia niende, akabaki kupumzika, kisha akaondoka mwenyewe. Ukisema jambo mara ya tatu linaanza kuwa na sura ya kweli. Mara ya kumi nilikuwa nalala nalo bila shida.

Wiki ya tatu nikaenda kumtazama. Mama Hansa alinifungulia, akaniongoza chumbani, akaenda jikoni. Mzee Kanti alikuwa amekaa kitandani, mito mgongoni. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, akaitikia.

"Elia," akasema, "nikuulize kitu. Wewe ulisema robo saa, au nimeota?"

Alijisogeza kwenye mito, akaendelea.

"Nauliza kwa sababu nimewaambia wote hapa kwamba ulisema unakuja kunichukua. Bharat anasema hapana, Elia kasema ni wewe uliyemwambia aende. Anasema ni umri. Daktari naye kaniuliza leo ni siku gani, kaniuliza mimi ni nani." Alitazama mikono yake. "Wamechukua funguo za duka. Wamefanya kwa upole, siwalaumu. Ila usiku nalala nikijiuliza, kama hilo nimelibuni, basi mangapi mengine nimeyabuni?"

Wenzangu, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa hili sikuwa nimejiandaa.

"Hukuota, mzee," nikamwambia. "Nilisema robo saa. Ulitaka twende wote, nikakuacha. Halafu nikadanganya."

Alifumba macho. Nilingoja anifukuze.

"Mwite Bharat," alisema. "Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Bharat alikuwa uani akitengeneza pampu ya maji. Ni mtu wa umri wangu, tumesoma shule moja. Alikuja akijifuta mikono, akasimama mlangoni, nami nikamweleza mbele ya baba yake: jiwe, chupa, robo saa, picha nne. Mama Hansa alikuwa ametokea nyuma yake na sinia la chai, akalishikilia hivyo hivyo mpaka nilipomaliza.

Bharat aliingia chumbani. Alipita mbele yangu, akatoa funguo mfukoni, akaziweka kwenye shuka karibu na mkono wa baba yake. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema jambo kwa Kigujarati, sauti ya chini. Sikielewi Kigujarati. Mzee Kanti alimwekea mkono kichwani, na nikaona ni wakati wa mimi kutoka.

Bharat alinikuta getini.

"Sijui nikwambie nini leo," alisema. "Kwa hiyo sitakwambia kitu."

"Sawa."

Nilikuwa nimeshafungua geti aliposema tena. "Mazoezi yake ya kutembea ni saa kumi jioni kila siku. Mimi saa hizo niko dukani, na mama hawezi kumshika peke yake." Alitazama barabarani, si mimi. "Ukija, njoo. Usipokuja, niambie mapema nitafute mtu."

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Rehema nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho. Alisema sitatembea na klabu tena mwaka huu, na kwamba hilo si yeye anayenipa adhabu, ni kwamba watu hawawezi kutembea na mtu wasiyemwamini nyuma yao. Sikubishana naye.

Kesho yake saa kumi kasoro nilikuwa Chemchem. Mama Hansa alinionyesha jinsi ya kumshika, mkono mmoja chini ya kwapa, mwingine kwenye kiwiko. Mzee Kanti hakuitikia shikamoo yangu wala hakunitazama. Tulianza kutoka mlango wa chumba kuelekea barazani. Alikwenda hatua sita, jasho likimtoka, kisha akasema amechoka. Nikamvutia kiti, akakaa. Nami nikakaa sakafuni karibu yake, mpaka alipotaka kuinuka tena.